Saa ya kengele ya kujiundia: ikigoma, ipime ikiwa imelala

Shangazi yangu hununua omena (dagaa wa ziwani) ufuoni Dunga, Kisumu, na kwenda kuziuza kwa gorogoro sokoni Kibuye. Mtu wa omena akifika jua limeshatoka, anakuta wenzake wamemaliza ndoo. Lazima aamke saa kumi alfajiri, na simu haimfai: stima ikipotea jioni, simu nayo huzima kabla ya jogoo wa kwanza. Nikamwundia saa. Ndani sasa mna chipu ya ATmega328P, ubongo wa saa, peke yake, bila ile bodi niliyoanza nayo, moduli ya DS3231 ya kutunza saa, tarakimu nne nyekundu zinazowaka tu ukibonyeza kitufe, baza ya kulia, na betri mbili za AA.

Betri za kwanza zilidumu siku nne. Nikaweka nyingine, siku nne tena. "Mwanangu," akaniambia, "hii saa yako inakula kuliko mgeni."

Tangu hapo nimefungua saa nyingi za aina hii, zangu na za vijana wanaoniletea zao zimefungwa kwenye gazeti. Saa ya betri hufanya kazi sekunde chache tu kwa siku. Muda uliobaki imelala, au ingepaswa kuwa imelala. Ikikusumbua, mara nyingi kasoro iko kwenye kulala au kwenye kuamka, wala si kwenye ile hesabu ya saa na dakika ambayo kila mtu hukimbilia kuichokoa ndani ya programu.

Kwa hivyo kabla hujagusa programu, pima. Kata waya chanya unaotoka kwenye betri, tia rezista ya omu 100 katikati, kisha weka mita kwenye miguu ya rezista hiyo, kipimo cha milivolti 200. Ile mita ya manjano ya bei ya chini inatosha kabisa. Kila milivolti 1 unayosoma ni maikroampea 10. Kuna mtego mmoja: saa ikiamka na kuwasha tarakimu inaweza kuvuta miliampea 20, na hapo rezista itameza volti 2 nzima, saa ijizime na kuanza upya. Dawa yake ni kipande cha waya. Kishike kiunganishe miguu yote miwili ya rezista, acha saa iwake, isubiri izime tarakimu zake, kisha ondoa waya. Namba kwenye mita itarukaruka kidogo halafu itulie. Hiyo iliyotulia ndiyo isome na uiandike.

Betri zinaisha upesi

Betri mbili za AA za alkalini zikiwa zimefuatana zina kama miliampea-saa 2,000. Gawanya kwa unachosoma. Miliampea 20 ni saa 100, yaani siku nne na kidogo, na hapo ndipo nilipokuwa mimi. Maikroampea 120 ni karibu miaka miwili. Maikroampea 10 ni miaka zaidi ya ishirini kwenye karatasi, lakini betri yenyewe itazeeka na kuoza kabla ya hapo.

Namba uliyosoma karibu ikutajie mwizi kwa jina.

Makumi ya miliampea maana yake umetumia bodi nzima, kwa mfano Uno, badala ya chipu peke yake. Bodi ina chipu nyingine ya kuongea na kompyuta, ina taa isiyozima, ina kirekebisha volti. Unaweza kuilaza chipu kuu usingizi wa pono na hao wengine wakaendelea kula. Hakuna mstari wa programu utakaokusaidia. Mimi niliupoteza mwezi mmoja nikiandika upya programu ya kulala, na kosa langu lilikuwa bodi.

Miliampea tatu hadi kumi: ama chipu hailali kabisa, ama kuna kirekebisha volti cha AMS1117 mahali fulani. Hicho peke yake hula kama miliampea 5 hata kama hakuna unachokilisha. Kwa betri mbili za AA hukihitaji hata kidogo. Chipu hii hukubali volti 1.8 hadi 5.5, basi iunganishe moja kwa moja.

Karibu miliampea moja: angalia ile taa ndogo kwenye moduli ya DS3231. Iko pale kukuambia kwamba umeme upo. Ing'oe, au kata mstari wake kwa wembe.

Maikroampea 200 hadi 300 ni kipimo cha analogi, ADC, kilichoachwa wazi. Hapa utaratibu ni muhimu. Kizime chenyewe kwanza kwa kuandika sifuri kwenye rejista (kijisanduku cha mipangilio ndani ya chipu) ya ADCSRA, ndipo uzime mapigo yake ya saa kwenye rejista ya PRR. Ukigeuza, kinaganda kikiwa bado kimewaka na rejista haikusikii tena. Nimeona programu nyingi zilizonakiliwa zenye mistari yote miwili, ila kichwa chini.

Sasa ile iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi ya omena haitoki, kwa sababu taa za wavuvi hazivuti omena kukiwa na mbalamwezi. Shangazi huzima kengele siku hizo, alale. Nikamwekea swichi ya pembeni ya kuwasha na kuzima kengele. Baada ya miezi kadhaa nikagundua saa inakula zaidi kengele ikiwa imezimwa. Jambo la ajabu! Swichi ikifungwa huipeleka pini kwenye hasi, na ndani ya chipu kuna rezista ya kuivuta pini hiyo juu, yenye omu 20,000 hadi 50,000. Volti 3 zikipita humo usiku na mchana ni maikroampea 60 hadi 150. Kitufe cha kubonyeza hakina shida hiyo kwa sababu unakiachia, lakini swichi hukaa palepale wiki nzima. Siku hizi naiwasha rezista hiyo ya ndani kwa kitambo kidogo tu, chipu inapoamka, naisoma swichi, naizima. Kabla ya kulala pini nageuza kuwa ya kutoa, iliyo chini. Usiiache ikielea bila kushikwa upande wowote, maana pini inayoelea nayo hula.

Kama umebaki na maikroampea 20 hivi zisizo na mwenyewe, ni mlinzi wa volti ndogo, BOD, anayeisimamisha chipu volti ikishuka mno. Programu inaweza kumzima wakati wa kulala tu. Na DS3231 yenyewe ikilishwa kwa pini ya VCC, ya umeme mkuu, inaweza kula hadi maikroampea 110 ikiwa imekaa tu. Ikilishwa kwa VBAT, pini ya betri ya kidonge, peke yake hushuka hadi maikroampea moja hadi tatu, na mawasiliano yake na chipu kwa nyaya za SDA na SCL bado yanafanya kazi. Ndivyo ninavyozijenga sasa, ila soma kwanza sehemu inayofuata, usije ukanilaumu.

Saa iko sawa, kengele hailii

Hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu ukitazama saa asubuhi inakuambia ukweli na hujui umlaumu nani.

Pini ya INT ya DS3231 ndiyo inayoiamsha chipu. Inapofika saa uliyopanga, DS3231 huinua bendera kwenye rejista ya 0x0F na kuivuta INT chini. Mambo manne huharibika hapo.

La kwanza: INT haiwezi kujiinua yenyewe, inajua kuvuta chini tu. Bila rezista ya kuivuta juu, chipu huona ovyo. Kwenye moduli nyingi rezista hiyo ipo, ya omu 4,700. Ukitumia chipu tupu, iweke mwenyewe.

La pili: baada ya kengele kulia lazima programu yako iishushe ile bendera. Usipoishusha, INT inabaki chini. Kesho yake hakuna mabadiliko ya kuiamsha chipu, kimya. Au, kama umepanga chipu iamshwe na INT ikiwa chini, haitalala tena kamwe: itaamka, itarudi, itaamka. Dalili yake ni saa iliyofanya kazi vizuri hadi kengele ya kwanza, kisha betri ikaisha ndani ya mwezi. Na ile rezista ya omu 4,700 nayo inapitisha miliampea 0.6 muda wote huo.

La tatu ni biti za kufunika za kengele, zile zinazoiambia DS3231 ipuuze nini inapolinganisha saa. Kwa kengele ya kila siku, A1M4 inapaswa kuwa 1 na zile tatu nyingine 0. Ukiacha zote nne 0, DS3231 inalinganisha na tarehe pia. Itakulilia leo, halafu isubiri tarehe hiyo hiyo mwezi ujao. Kijana mmoja aliniletea ya kwake akiapa kwamba chipu ni feki. Haikuwa feki, ilikuwa ikimtii.

La nne ndilo lililomlaza shangazi. Saa ilifanya kazi miezi mitatu, kisha kengele ikaacha kulia ghafla. Tarakimu ziliwaka, saa ilikuwa sahihi, bendera ilikuwa imeinuka. INT haikuvuta. Nilipima betri za AA: volti 2.5 zote mbili pamoja. Kumbe VCC ikishuka chini ya kama volti 2.6, na betri ya kidonge ikiwa na volti zaidi, DS3231 huhamia kwenye kidonge. Ikishahamia, INT huachiliwa hewani, isipokuwa kama biti ya 6 ya rejista ya 0x0E, iitwayo BBSQW, imewekwa 1. Kiwandani na kila umeme unapoingia upya huwa 0. Volti 2.5 kwa AA mbili ni betri ambazo bado zina maisha, ndiyo maana huwezi kuzishuku. Weka biti hiyo 1 kila programu inapoanza, na kama unailisha DS3231 kwa VBAT peke yake, ndiyo lazima kabisa.

Inalia saa ambayo si yake

Nilimfundisha shangazi kupanga kengele. Akaweka 10, akalala kwa amani. Ikalia saa nne asubuhi, nyumbani hamna mtu ila watoto wa jirani, ambao walikaa dirishani wakiisikiliza hadi ikachoka.

Kosa halikuwa lake. Nilitengeneza saa ya Kizungu nikampa mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili. Ukimjengea mzazi au jirani, amua mapema. Hesabu si ngumu: chukua saa ya 0 hadi 23, ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki, baki likiwa sifuri andika 12. Saa 4 inakuwa 10, saa 19 inakuwa 1. Lakini usiongeze 6 moja kwa moja kwenye kile unachosoma kutoka DS3231. Ile huandika kila tarakimu kwenye nusu yake ya baiti. 0x04 ukiongeza 6 unapata 0x0A, na A si tarakimu. Kwenye saa yangu mahali pa kumi palitokea weusi mtupu. Geuza kwanza iwe namba ya kawaida, ongeza, kisha gawa tarakimu. Ndani ya DS3231 acha saa 24 siku zote. Kiswahili kiwe kwenye sura tu, na wakati wa kupanga, rudisha.

Kuna saa kumi mbili kwa siku. Nimetumia nukta ya tarakimu ya mwisho: ikiwaka ni usiku, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi aliuliza kwa nini saa kumi alfajiri nimeiita usiku. Nilimwambia atoke nje aangalie.

Inachelewa au inatangulia

Hili linawahusu zaidi walioacha DS3231 wakahesabu kwa chipu yenyewe. Usirekebishe chochote kabla ya kujua inapotea kiasi gani kwa siku. Siku ina sekunde 86,400.

Ikipotea sekunde moja au mbili, hiyo ni kawaida ya kristali ya kilohezi 32.768. Kristali ya 20 kwa milioni inaruhusiwa sekunde 1.7 kwa siku. Joto nalo lina mchango. Kristali hizi ziko sawa kwenye nyuzi 25, na huchelewa ukienda juu na hata ukienda chini: nyuzi 40 chini ya mabati ya Kisumu mchana na nyuzi 10 za usiku wa Nakuru zinakuchelewesha sawasawa, kama theluthi mbili za sekunde kwa siku. DS3231 hujirekebisha kwa joto, na kosa lake halizidi kama dakika moja kwa mwaka.

Ikipotea dakika kadhaa, unahesabu kwa saa ya ndani ya chipu, ile isiyo na kristali. Asilimia 1 tu ya kosa ni dakika 14 kwa siku, na kutoka kiwandani inaruhusiwa hadi asilimia 10. Huwezi kuifanya saa ya ukutani kwa hiyo.

Ikienda nusu kabisa, programu imeandaliwa kwa megahezi 16 na chipu inakwenda 8. Ikienda mara nane polepole, ni fyuzi (mpangilio wa kudumu ndani ya chipu) ya CKDIV8, ambayo chipu mpya huja nayo ikiwa imewashwa. Makosa haya makubwa ndiyo rahisi.

Ikitaka kulia inajizima

Sauti yake ni "ti… ti… ti…", fupi, kama kifaranga. Baza inavuta, volti inaanguka, chipu inajiwasha upya, inakuta INT bado iko chini, inalia tena, inaanguka tena. Angalia fyuzi ya BOD kwanza. Chipu zilizotiwa programu ya Arduino mara nyingi zimewekwa volti 2.7. AA mbili hufika hapo zikiwa bado nzima, na baza ikiongeza mzigo ndiyo basi. Nimeiweka 1.8 na chipu inakwenda megahezi 1, ambayo kwa saa inatosha na kubaki. Kisha tia kapasita ya maikrofaradi 100 karibu na baza na ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya chipu.

Baza ya sumaku usiipe pini moja kwa moja. Tumia transista ya 2N2222 na rezista ya omu 1,000 kwenye besi, na dayodi ya 1N4148 kinyume juu ya baza. Kama inatoa tu "tak" moja, hiyo ni ile isiyo na mashine ndani, inataka ulishe mawimbi, kama elfu mbili hadi nne kwa sekunde. Jaribu masafa mbalimbali. Kuna moja ambapo inapiga kelele kuliko kwingine, na kwa mtu aliyechoka ndiyo unayoitaka.

Mengineyo

Tarakimu zina kivuli cha tarakimu ya jirani: zima tarakimu kabla ya kubadilisha vipande, ndipo uwashe inayofuata. Tarakimu za buluu zimefifia: zinataka karibu volti 3 zenyewe, nunua nyekundu. Ukibonyeza mara moja inaruka tatu: subiri milisekunde 30 usome kitufe tena. Ukiwa na moduli yenye rezista na dayodi ya kuchaji kidonge na unailisha volti 5, ng'oa rezista hiyo leo. Kidonge cha CR2032 hakichajiwi, kinavimba.

Ukimaliza kulehemu, osha bodi kwa spiriti na mswaki. Uchafu wa lehemu hupitisha umeme kidogo, na huku karibu na ziwa hewa ina unyevu. Kwenye redio hutajua. Kwenye saa ya maikroampea nne utajua.

Haiwaki kabisa

Mwezi uliopita shangazi alinirudishia saa ikiwa imekufa. Betri alikuwa amebadilisha mwenyewe usiku uliopita. Nikapima kwenye betri: volti 3.1. Kwenye miguu ya chipu: sifuri. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua, pini, waya, lehemu, hadi kwenye kisanduku cha betri chenyewe. Springi ya hasi ilikuwa imesimama sawa, inang'aa. Nikaitoa betri, nikainamisha kisanduku dirishani kwenye mwanga. Kati ya springi na kitako cha betri palikuwa na omena moja kavu, imebanwa bapa.